Sofi za Udongo: Mwongozo kwa Walimu wa Watoto Wadogo wa Mwambao wa Ziwa

Mwalimu mwenzangu, ikiwa umepewa wadhifa wa kulea darasa la awali mjini Kigoma, au Ujiji, au katika kijiji chochote cha mwambao wa ziwa letu, yamkini umekwisha kuona jinsi kila mwisho wa mwaka, siku ya mahafali inapokaribia, watoto wanavyotengenezewa kofia za karatasi, maua ya mifuko na picha za rangi, vitu ambavyo hubebwa nyumbani kwa shangwe, vikatundikwa ukutani kwa msumari mmoja, na kabla mwaka wa pili haujatimia vikawa vimeliwa na mchwa, au vimeloweshwa na mvua iliyopenya katika bati, au vimemalizwa na mbuzi wa jirani. Nami nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa wala sikuona taksiri yoyote, mpaka siku moja nilipolifungua sanduku nililowekea kazi za watoto za muda wa miaka mitatu, nikakuta njia za mchwa zimepita toka juu hata chini, na karatasi chache zilizosalia zikimegeka mkononi kama majani makavu ya mgomba. Haya nitakayokueleza yametokana na hasara hiyo.

Katika nchi yenye mchwa wengi, na mvua inayoanza Oktoba ikaendelea hata Aprili, kitu cha ukumbusho kisicho na gharama na kisichooza ni kimoja tu, nacho ni udongo uliopita motoni. Usiniamini mimi, ziamini athari za wahenga. Mashariki ya Kigoma, kandokando ya Reli ya Kati, ipo Uvinza na chemchemi zake za maji ya chumvi, na wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba hapo katika miaka ya 1960 walikuta vigae vya vyungu vya watu waliokuwa wakichemsha chumvi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Nguo zao zimekwisha, nyumba zao zimekwisha, majina yao hatuyajui, lakini nakshi walizozitia kwa ncha ya kijiti katika udongo mbichi zipo, na mtu akizipapasa kwa kidole huzihisi. Kusini kabisa ya ziwa, penye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mambo ni hayo hayo. Ikiwa kigae cha chungu cha chumvi kimestahimili muda huo bila ya kutunzwa na mtu, kazi ya mtoto iliyotunzwa japo kidogo itashindwaje kufika miaka thelathini?

Kwanza nilijaribu kigae cha kiganja, yaani bamba la udongo ambalo mtoto hulichapa mkono wake, na kwa haki sina budi kusema kuwa ni kitu kizuri, ila kina aibu mbili. Udongo hunywea unapokauka na unapochomwa, aghalabu sehemu moja katika kumi, hata mzazi aliyelinganisha kiganja cha kigaeni na kiganja cha mwanawe wiki ileile aliniambia kwa adabu kwamba huenda nimempa cha mtoto mwingine. Pili, darasa likiwa na watoto themanini, na hilo si jambo la ajabu kwetu, mwalimu hujikuta na mzigo wa vigae ambao hauna kabati la kuuweka, na kila kigae chenye upana hutaka kupinda na kupasuka. Nikatafuta kitu kidogo zaidi, nikakipata katika historia ya Ujiji yenyewe.

Zamani za misafara, soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake, nayo haikuwa ya chuma wala ya karatasi, bali ni ushanga ulioitwa sofi, vipande vifupi vya mviringo mfano wa shina la kiko cha udongo lililovunjika. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1874, ameeleza jinsi walivyokuwako watu waliozunguka sokoni na mikoba iliyojaa sofi, ambao asubuhi waliwabadilishia wanunuzi, na soko lilipovunjika wakawabadilishia wauzaji waliotaka kurejea na mali ya namna nyingine. Shanga zile ziliagizwa kutoka nchi za mbali; zetu tutazifinyanga wenyewe, lakini jina tutalichukua, maana ni jina la fedha ya mji huu, na mtoto wa Ujiji anapolitamka hatamki neno geni.

Desturi yenyewe ni fupi kuieleza. Kila mtoto wa darasa la awali hufinyanga sofi tatu kwa mkono wake, akazitia alama yake mwenyewe. Zikishachomwa, moja huenda nyumbani ikiwa imetungwa katika uzi, moja hubaki darasani ikatungwa katika uzi mrefu wa darasa pamoja na za watoto wote wa miaka iliyotangulia, na ya tatu ni akiba, kwa sababu moto nao hudai fungu lake. Darasa la awali limekuwa sehemu ya mfumo wetu rasmi tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, na sera ya mwaka 2014 ikalifanya la lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja; maana yake ni kwamba mtoto hupita mikononi mwako kwa miezi michache, ukamzoea, akaenda zake darasa la kwanza, na baada ya likizo hukusalimu kwa haya kama mgeni. Uzi ndio unaokaa.

Wako watakaouliza kama mchezo huu wa udongo unastahili saa za masomo. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa lile jina lenye maana ya bustani ya watoto ambalo dunia nzima imelichukua, aliviweka vifaa vyake katika mafungu mawili, akaliita moja zawadi na la pili kazi: zawadi ni vitu ambavyo mtoto huvishika na kuvipanga bila ya kuvigeuza umbo, kama mipira ya sufu na vipande vya mti, kazi ni vile avigeuzavyo kwa mkono wake, kama karatasi ya kukunja na kusuka, na udongo wa kufinyanga. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake mwaka 1851, jambo ambalo huwa nikilikumbuka kila ninapoona mkaguzi akikunja uso mbele ya watoto wenye tope mikononi. Mimi nasema kuwa sofi ni kazi iliyogeuka zawadi, na kama hoja hiyo haitoshi, mwonyeshe mkaguzi wako watoto wakihesabu shanga za uzi kumikumi.

Sasa tuje kwenye kalenda, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Usingoje Novemba. Udongo uchimbwe mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekatika na mabonde yakiwa bado laini. Utapata ulio mzuri kandokando ya vijito na katika mabonde ya mpunga kama lile la mto Luiche, lakini njia ya hakika ni kumwendea bibi mfinyanzi wa mtaa wako na kumwuliza yeye huchimba wapi. Kipimo chake ni chepesi: finyanga kipande chembamba kama kalamu ya risasi, ukizungushe kidoleni, kikijikunja bila ya kupasuka udongo unafaa, kikikatika una mchanga mwingi. Wala usichukue wingi. Sofi moja mbichi, nene kama kidole cha mwisho cha mtu mzima na ndefu kama kifundo chake kimoja, haina uzito unaozidi gramu tano. Watoto themanini kwa sofi tatu tatu ni gramu 1,200, kwa hiyo ndoo ndogo itakutosheleza na kubaki. Nimeona walimu wakibebesha watoto madebe, kisha udongo ukatupwa nyuma ya choo.

Uloweke, uchuje mawe na mizizi, kisha uchanganye vipimo vinne vya udongo na kimoja cha mchanga safi wa ziwani, au, lililo bora zaidi, unga wa vigae vya chungu kilichovunjika, ambao huupa udongo nafasi ya kupumua unapopata moto. Ufunike kwa gunia bichi, uuache katika likizo yote ya Juni. Udongo uliopumzika mwezi mmoja hutii kidole. Ule wa jana hukaidi, na mtoto wa miaka mitano hana nguvu za kushindana nao.

Shule zikifunguliwa Julai, chagua juma la pili, ambapo watoto wamekwisha kutulia. Kata mabua membamba ya nyasi kavu, kila moja urefu wa shubiri, uyaweke mezani pamoja na mabonge ya udongo yenye ukubwa wa ndimu. Mtoto huchukua kidonge, akakibiringisha kati ya viganja, akakichoma kwa bua katikati, kisha akalibiringisha bua juu ya meza pamoja na udongo wake mpaka ukawa mviringo mrefu. Mtazame anavyofanya. Ulimi humtoka pembeni ya mdomo; huacha kupumua; na anapoliinua bua akaona udongo umelishika wala hauanguki, hutazama kushoto na kulia kujua kama kuna aliyeuona muujiza huo. Hapo mpe nafasi ya kutia alama: ukucha, mwiba, jino la kitana, punje ya mchele, pindo la kamba, chochote apendacho. Usimwandikie jina, jina litaingia katika daftari. Bua lisichomolewe. Liache ndani, kesho yake asubuhi lizungushe kidogo lilegee, na siku ya moto litaungua lenyewe na kuliacha tundu wazi.

Na sasa neno ambalo, kama utalisahau jingine lote, hili usilisahau: mkono wako usiguse. Mwaka mmoja tulikuwa tukitarajia wageni, nami, kwa kuona haya ya sofi zilizopinda, na zenye matumbo, na zilizofanana na kinyesi cha mbuzi, nilibaki darasani jioni nikazinyoosha moja moja kwa kidole kilicholowana, zikawa sawa kama zimetoka kiwandani. Wageni walisifu. Siku ya kutunga, mtoto mmoja wa kike aliigeuzageuza yake mara nyingi, akanirudishia.

“Hii si yangu,” akasema.

“Ni yako, tazama alama ya kucha zako.”

“Yangu ilikuwa na tumbo.”

Sikuwa na jibu, wala mpaka leo sina. Sofi zile za mwaka ule zipo katika uzi, nzuri kupita zote, na ndizo pekee ambazo hakuna mtu aliyewahi kuja kuzitafuta.

Zikauke kivulini muda wa wiki tatu, juu ya chekeche au kipande cha wavu mkuukuu, mbali na upepo wa kusi ambao katika miezi hii huvuma kwa nguvu na kukausha upande mmoja kabla ya mwingine. Nilipoona zimekuwa nyeupe baada ya siku sita, mara yangu ya kwanza, nikamletea bibi mmoja mfinyanzi kwa kujivuna. Akaichukua moja akaiweka shavuni. “Mwalimu, hii bado baridi,” akasema. “Ina maji tumboni.” Sikumsikiliza, kwa maana nilikuwa nimekwisha kuwaalika wazazi, tukawasha moto, na katika robo saa zikaanza kulia ndani ya chungu kama bisi, nusu nzima zikawa vumbi. Tangu hapo kipimo changu ni shavu. Sofi iliyokauka kweli haina baridi.

Siku ya moto iwe katika mbalamwezi ya Agosti, nami nitakueleza sababu, kwa kuwa mwalimu mgeni aliyetoka bara ya mashariki hawezi kuijua. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, nayo taa haina kazi mwezi ukiwa mpevu, kwani samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo siku hizo za mwanga mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu zikashonwa, na akina baba wa Katonga na Kibirizi hupatikana nyumbani. Ukiita wazazi katika giza la mwezi, utapata akina mama peke yao, nao wengi watakuwa mchangani wakianika dagaa. Ukiwaita katika mbalamwezi, watakuja wote wawili, na baba ambaye hajawahi kukanyaga darasani atajitolea kusimamia kuni, kwa sababu moto anaujua.

Chimba shimo la kina cha dhiraa moja, mbali na nyumba za nyasi, ukiwa umekwisha kumpa taarifa mwenyekiti wa mtaa na kuweka ndoo mbili za maji. Weka chungu kibovu kilichotandikwa majivu, upange sofi humo, ukifunike kwa gae. Saa nzima ya kwanza moto uwe mdogo na uwe pembeni, upashe tu. Haraka hapa ndiyo inayopasua. Kisha uusogeze karibu, uongeze kuni na maganda ya mise, yaani kokwa za michikichi, ambayo katika mkoa huu wa michikichi hayakosekani na huwaka kwa ukali mkubwa, mpaka chungu kimezingirwa pande zote. Anza baada ya sala ya alasiri, ili ufikapo wakati wa magharibi uweze kuchungulia chini ya gae na kuona rangi. Udongo ukiwa mwekundu kama kaa umeiva, na rangi hiyo mchana haionekani. Watoto wakae nyuma ya mstari wa majivu uliouchora hatua kumi kutoka shimoni, wala mstari huo usivukwe hata na mtoto wa mwalimu mkuu. Jua linatua nyuma ya milima ya Kongo, mwezi unatokea nyuma ya vilima vya nyuma ya mji, na ikiwa una mzee anayejua hadithi, huu ndio wakati wa kumpa kiti.

Usifunue usiku ule. Fukia, uwaache waende wakalale na shauku yao. Asubuhi chungu kitashikika kwa mkono. Utakuta sofi nyekundu, na nyingine nyeusi upande ulioingiwa na moshi, nyingine na mabaka, maana udongo wetu una chuma ndani yake, nao moto wenye hewa hukipa wekundu na moto uliokosa hewa hukipa weusi. Watoto hupenda zile za mabaka. Zilizopasuka zihesabu, utoe za akiba. Na mtoto mwenyewe, si wewe, achague ipi aende nayo na ipi ibaki. Ajabu ni kwamba wengi huacha darasani ile wanayoiona nzuri zaidi. Sijapata tafsiri ya jambo hilo, nami nimekwisha kuacha kuitafuta.

Kuhusu uzi, nunua uzi wa nyavu wa nailoni, mnene kidogo, ambao maduka ya pembeni mwa mialo huuza kwa bei ndogo. Pamba huoza na utepe hukatika. Kila sofi ina urefu wa sentimita mbili kasoro kidogo, basi darasa la watoto themanini hutwaa karibu mita moja na nusu kwa mwaka, na katika miaka kumi uzi unaweza kuzunguka ukuta wa mbele na wa pembeni. Kati ya mwaka na mwaka tia gamba moja la konokono wa ziwani, ili hesabu isipotee. Konokono wa Tanganyika, wengi wao, hawapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Lakini chukua gamba tupu lililotupwa na mawimbi mchangani, usizamie kulitoa chini, maana huko chini wako samaki wadogo ambao magamba hayo ndiyo nyumba zao. Uzi utundikwe juu, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hufika na wa mtoto haufiki, si kwa ubahili, bali kwa sababu miongoni mwa wageni wako huwapo wadogo wa miaka miwili, nao hutia kila kitu kinywani. Kwa ajili hiyo hiyo, ile sofi inayokwenda nyumbani ifungwe kwa fundo maradufu, na mama aambiwe.

Daftari lina safu tatu tu: namba ya sofi kuanzia kwenye gamba, jina la mtoto, na maelezo ya alama yake. Andika kwa kalamu ya risasi, kwani wino wa kalamu nyingi hufifia, na mwingine hutawanywa na maji. Nimeona daftari za walimu wengine zina safu kumi na mbili, hata kabila na kazi ya baba. Hizo hazijazwi zikafika mwisho.

Watakuwapo ambao hawatakuwapo. Familia za wavuvi huhama kwenda dago, mwezi huu huku, mwezi ujao kule kusini kuelekea Mahale, na mtoto aliyefinyanga Julai huenda Septemba akawa hayupo. Wengine wamekuja kutoka ng’ambo, Kalemie au Uvira, nao hurejea bila ya kuaga. Sofi yake ya darasani itungwe palepale ilipo zamu yake, na ile ya nyumbani ifungwe katika kitambaa chenye namba, ikingoje. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, kwamba mtoto amefariki, usiitoe sofi yake kwa nia njema yoyote ile. Niliwahi kufikiri kuwa rehema ni kuiondoa, ili mama mtu akija kumchukua mdogo wa marehemu asiione. Mama yule alikuja, akainua macho, akaihesabu toka kwenye gamba kwa ncha ya kidole bila ya kuigusa, na alipoifikia akatikisa kichwa mara moja, akaenda zake. Mwaka uliofuata alifanya vivyo hivyo.

Wenye bahati hurudi. Kijana mmoja anayeendesha boti za abiria za Kibirizi alinijia mchana wa Jumamosi, akaniamkia shikamoo nikamwitikia marahaba, wala sikumtambua hata aliponitajia mwaka wake. Tukashusha uzi. Alama yake ilikuwa kucha tatu, zimepangana kama ngazi. Akaweka ukucha wa kidole gumba juu yake, ukafunika mbili kwa pamoja na sehemu ya tatu. Hakusema kitu cha maana. Aliuliza tu kama tundu la paa lililokuwa likivuja juu ya ubao lilizibwa. Nikamwambia liko palepale. Wiki ya pili alileta bati moja na misumari.

Adui wa mwisho wa uzi huu si mchwa wala mvua, ni usafi wa ghafla. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, uzi wa miaka mitatu uliteremshwa siku ya kupaka chokaa, ukawekwa juu ya kifusi, na jioni ukaenda na kifusi. Hapakuwa na chuki. Hakuna aliyejua ni nini. Nikikumbuka jambo hilo huikumbuka meli yetu ya Liemba, ambayo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikaletwa kwa vipande katika masanduku mpaka Kigoma, na mwaka 1916 ikazamishwa na Wajerumani wenyewe waliokuwa wakikimbia vita. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi kwa uangalifu, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta bado ina uhai, hata mwaka 1927 ikaanza tena safari. Watu wale walikuwa wakiondoka, na hawakuwa na hakika ya kurudi, na bado waliacha kitu katika hali ambayo mwingine angeweza kukitumia.

Basi grisi ya uzi ni karatasi. Uandikishe katika leja ya mali ya shule, pamoja na madawati na kengele, kwa maneno haya au mfano wake: uzi mmoja wa sofi za wanafunzi, haufutwi wala hautupwi. Na barua ya uhamisho ikikufikia, kabla hujafunga mizigo, mwite mwalimu anayekupokea, mshushe uzi sakafuni, mhesabu sofi moja moja kutoka gamba hata gamba mkilinganisha na daftari, kisha mtie saini wote wawili. Siku nilipokabidhi wangu tulihesabu alasiri nzima, upungufu ukawa sofi mbili, nazo zimeandikwa.